Jinsi Mbu Anavyoelekezwa kwa Mtu Aliyelala

Mbu jike aenezaye malaria hamfikii binadamu kwa kubahatisha. Vijiti viwili vya hisia vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea damu hutambua kabonidayoksaidi itokayo katika pumzi ya aliyelala. Papo hapo ubongo wake mdogo humwamuru aruke kuelekea upepo unakotoka. Akikaribia, papasi zake hunusa harufu ya ngozi, kisha huhisi joto la mwili.

Kuruka huko kwahitaji uthabiti. Nyuma ya mabawa yake mawili mna virungu vidogo mno, ambavyo hutikisika na kuuarifu ubongo kila mwili wake unapopinda. Bila hivyo, mbu hawezi kuruka sawasawa.

Hewa iliyopashwa joto na mwili hupanda juu. Uchunguzi uliofanywa kwa kamera umeonyesha kwamba mbu wa jamii ya Anopheles gambiae hugusa zaidi paa la chandarua, hasa juu ya kiwiliwili cha mlalaji. Kwa hiyo, akaguaye chandarua asitazame pembeni tu: ainue macho, na tundu la paani, hata likiwa dogo, lishonwe kabla ya usiku kuingia.