Korongo la Marafa: Kazi Huanza Wakati wa Kurudi

JUMAPILI moja ya mwezi wa Februari, mama mmoja wa miaka 48, karani wa mjini Malindi, aliletwa kwangu akishikwa mikono na wanawe wawili. Walikuwa wametoka Marafa kutembea. Waliteremka korongoni saa tano na nusu, wakapiga picha, wakala maandazi kivulini, na saa saba wakaanza kupanda. Katikati ya njia mama akaishiwa nguvu, akatapika, akaanza kuona kiza. Alikuwa na chupa moja tu ya maji, ya nusu lita, na asubuhi ile alikuwa amemeza kidonge chake cha presha, kile cha kukojosha.

Alipata nafuu jioni ile ile. Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Daktari, mbona wakati wa kushuka sikuhisi chochote?"

Msomaji asiyepajua Marafa aelewe kwamba ni mahali palipo kaskazini-magharibi mwa Malindi, ng'ambo ya daraja la mto Sabaki, ambapo mvua na upepo vimekula mchanga mgumu kwa miaka mingi na kuacha korongo lenye minara ya rangi nyekundu, ya chungwa na nyeupe. Wenyeji hupaita Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe. Watalii hupaita Jiko la Jehanamu, na kwa daktari jina hilo si la mzaha.

Anayepanda mlima hufanya kazi ngumu mwanzoni, akiwa na nguvu na asubuhi ingali baridi. Akichoka hugeuka, na njia iliyobaki ni mteremko. Korongo ni mlima uliopinduliwa. Unaanza kwa kushuka, mwili unakudanganya kwamba u mzima kama simba, kisha mlima unakungoja mwishoni, jua likiwa utosini na chupa ikiwa tupu. Na ukiwa umechagua kuzunguka, yaani kushukia upande mmoja na kupandia mwingine kabla ya kufuata ukingo hadi mlipoanzia, basi ukishapita nusu, kurudi nyuma hakukuokoi. Kwa hiyo matembezi ya Marafa hupangwa kuanzia mwisho.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiitumia Marafa utaona ni safari fupi sana, na hapo ndipo watu hukosea. Naismith aliandika kwa ajili ya nchi ya ukungu na mvua. Korongo letu si refu kwenda juu. Taabu yake ni joto.

Mwili hupoa jasho linapokauka. Hapa pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo jasho hudondoka badala ya kukauka. Kule chini upepo haufiki vizuri, na kuta zilizopigwa na jua hukurudishia joto kutoka kila upande. Mtu anayetembea katika hali hiyo anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja.

Ushauri wangu ni huu: amua kwanza saa ya kuwa juu, ukingoni, kisha hesabu kurudi nyuma. Mimi husema saa tatu asubuhi, isizidi. Hiyo ina maana ya kuanza kushuka saa kumi na mbili u nusu, na kutoka mjini kungali giza. Wanaopenda rangi za machweo wazitazame kutoka juu. Ndiko zinakopendeza, na usiku wetu huingia haraka. Mwezi wa Julai na Agosti ni bora kuliko Januari hadi Machi. Mvua ikinyesha, ahirisha: ukingo ule hubomoka. Chukua mwongozaji wa pale kijijini, maana vijia ni vingi na kuta zinafanana.

Maji, chumvi na dawa

Beba lita 3 kwa kila mtu mzima, ingawa hutazinywa zote. Kunywa kidogo kidogo, kama nusu lita au zaidi kidogo kwa saa, na ufikapo nusu ya mzunguko uwe na zaidi ya nusu ya maji. Kubugia maji matupu bila kiasi nako kuna hatari, kwa sababu huzimua chumvi ya damu. Weka mfukoni njugu zenye chumvi, au pakiti ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaohara. Dafu ni tamu na wala sikukatazi, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho hutoa zaidi sodiamu.

Anayetumia dawa za presha amwone daktari wake kabla ya safari, asiziache kwa uamuzi wake. Dawa za kukojosha na jasho huvuta maji kutoka chungu kimoja. Dawa kama atenolol huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutakuambia kama umezidisha. Tumia kipimo cha mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo unafaa. Mwenye kisukari abebe kitu cha sukari na avae viatu alivyokwisha kuvizoea. Mwenye selimundu akumbuke kwamba kukaukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu. Huyu nashauri abaki ukingoni.

Dalili ya kutokungoja

Kizunguzungu, kichefuchefu na mishipa kukaza ni onyo: kaa kivulini, unywe, upumzike. Lakini mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kukasirika bila sababu, hiyo ni dharura. Huenda joto la mwili limepita nyuzi 40. Wengi wamefundishwa kwamba mtu wa namna hiyo huwa mkavu. Si lazima, aliyekuwa akitembea anaweza kuwa amelowa chepechepe. Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa leso bila kukoma, huku mwingine akiita msaada wa kumpandisha na kumfikisha hospitalini. Usimnyweshe kama fahamu zimepungua. Maji yale ya akiba, ambayo vijana hulalamika kuyabeba, kazi yake ni hiyo.

Kwa kuwa mji wetu ni tambarare, magoti hayana mazoezi ya kupanda. Wiki 3 kabla ya safari tembea haraka nusu saa, mara 4 kwa wiki, na utafute ngazi za ghorofa yoyote uzipande na kuzishuka.

Mama yule nilimbadilishia dawa, akafanya mazoezi ya ngazi pale kazini kwake, akarudi Marafa mwezi wa Julai na wanawe wale wale. Saa mbili na dakika 40 asubuhi alikuwa juu. Alipokuja kliniki kupimwa presha, lalamiko lake lilikuwa moja tu: viatu vilimbana.