Tunatuza Nini? Pointi za Mchezo na Nyota za Darasani

Wanachuo hutuuliza mara kwa mara kama inafaa kumtuza mtoto darasani. Lipo swali linalotangulia hilo: tunatuza nini hasa? Ili kulichunguza, tutazame mchezo wa Marekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani na karatasi, kalamu na dadu. Kila mmoja huigiza mhusika wake, mathalani mpiganaji au mchawi, na mwenzao mmoja huwasimulia yanayowakabili. Mhusika hupata pointi za uzoefu. Zikitimia kiasi fulani, hupanda daraja.

Katika kanuni za mwaka 1981, mpiganaji alihitaji pointi 2,000 ili kufika daraja la 2. Zimwi dogo la kawaida, goblin, likishindwa lilileta pointi 5 tu, tena za kugawana kikundi kizima. Lakini kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa pangoni na kufikishwa salama ilileta pointi 1. Piga hesabu: mazimwi 400, au sanduku moja lililoachwa bila mlinzi! Basi wachezaji werevu walinyata, walihadaa, walipatana na maadui, na ilipobidi walikimbia bila haya. Hakuna aliyewahubiria busara hiyo. Ilikuwamo katika hesabu yenyewe.

Toleo la mwaka 2000 liliacha kuhesabu dhahabu, likahesabu hasa maadui na vikwazo vilivyoshindwa. Adui aliyekuwa wa kukwepwa akawa wa kufuatwa. Mchezo ulikuwa na jina lile lile na dadu zile zile, ila tuzo ilikuwa imehama.

Katika mazoezi ya kufundisha tuliwahi kumkagua mwanachuo aliyeahidi nyota moja kwa kila hesabu sahihi. Ubao ulikuwa na hesabu 10 za kutoa. Watoto walizikimbilia nyepesi, na wawili walinakili kwa jirani. Msichana mmoja aling'ang'ana na ile ya 9, ya kukopa mara mbili, akaonyesha njia yote, akakosea tarakimu ya mwisho. Hakupata nyota. Kesho yake hakuigusa hesabu yoyote ya kukopa. Tulishauriana na mwanachuo huyo, naye akaanza kutoa nyota kwa njia iliyoonyeshwa hata kama jibu si sahihi. Kunakili kulipungua, maana njia ya kuazima humshinda mtoto kuieleza. Ilichukua wiki mbili msichana yule kurudia hesabu za kukopa.

(Sisi wakufunzi nasi tusijitoe. Tukitoa alama nyingi kwa andalio la somo lililoandikwa vizuri, tutapata maandalio mazuri, na mwalimu asiyeinua macho kuwatazama watoto.)

Zoezi: Chukua andalio lako la kesho. Andika kila jambo utakalolitolea alama, nyota au sifa. Kisha jiweke mahali pa mtoto mwerevu lakini mvivu, uandike njia fupi kabisa ya kuzipata zote. Lete karatasi zote mbili kwenye majadiliano.