Kuwahamishia Samaki Katika Tangi Kubwa: Kazi ya Mchanga

Tangi la kioo lenye samaki wachache ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia biolojia, kwani humwonyesha mwanafunzi kwa macho yake mambo ambayo kitabu huyaeleza kwa michoro tu: upumuaji kwa matamvua, ugomvi wa kugombea eneo, malezi ya vifaranga kinywani mwa mama. Lakini samaki hukua. Perege walioletwa shuleni wakiwa na urefu wa kidole hubanana baada ya miezi michache katika lita 54 za maji, na mwalimu huamua, kwa haki kabisa, kuwatafutia tangi kubwa zaidi. Hapo ndipo balaa huanza mara nyingi. Tangi jipya huoshwa likang'aa, mchanga mpya hutandazwa, maji safi hujazwa, na samaki huhamishwa Ijumaa alasiri. Haipiti wiki mbili wengine wanaelea tumbo juu. Lawama hutupiwa gundi ya kioo, au husemwa kwamba samaki "hawakuzoea". Aghalabu chanzo cha vifo hivyo ni ule usafi wenyewe.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake mchana na usiku, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokaa muda mrefu haijikusanyi, kwa sababu wamo bakteria wanaoila. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha mnamo mwaka 1890 kuwa kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili: kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba baadhi ya bakteria wa jenasi Nitrospira huweza kukamilisha hatua zote mbili peke yao. Kundi mojawapo liliwapata katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Jambo la kuzingatia ni makazi ya bakteria hawa. Hawaelei kwa wingi ndani ya maji, bali hujishikiza juu ya vitu vigumu kwa utando mwembamba wa ute. Kwa hiyo mwalimu anayehamisha maji ya zamani tu, akidhani amehamisha uhai wa tangi, amehamisha sehemu ndogo sana ya uhai huo. Na tuchukue tangi jipya lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40, na kina cha maji cha sentimita 45 juu ya mchanga, yaani lita 180. Kuta zake nne zinazoguswa na maji zina eneo la mita za mraba 1.26. Mchanga wa kina cha sentimita 4 ndani ya tangi hilo ni lita 16. Ikiwa chembe zake ni kama tufe za kipenyo cha milimita 1, na zimejaza asilimia 60 ya nafasi, jumla ya eneo la nyuso zake ni zaidi ya mita za mraba 55, eneo linalokaribia sakafu ya darasa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuikokotoa hesabu hii mwenyewe. Bila shaka si eneo lote hufaa, kwa kuwa bakteria hawa huhitaji oksijeni na sehemu za chini huwa na oksijeni kidogo. Hata hivyo ni dhahiri mahali uhai wa tangi ulipo.

Mkoani Singida jambo hili lina uzito wa pekee. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili: ile iliyo huru, ambayo hupenya matamvua na kuua, na ile iliyogeuka ioni, ambayo haina madhara makubwa. Kinachoamua mgawanyo wao ni pH. Kwa joto la sentigredi 25, maji yenye pH 7 huwa na amonia huru chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Yenye pH 8 huwa na asilimia 5 hivi. Na yenye pH 9 huwa na asilimia 36. Maji ya visima vingi vya nyanda za kati huelekea upande wa alkali na yana chumvi nyingi. (Wingi wa floridi mkoani humo, unaotia meno ya watoto madoa, ni habari nyingine inayostahili makala yake.) Basi kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa maji ya mvua angekivumilia huweza kummaliza samaki wa maji ya kisima.

Tena mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sentigredi 25 huko pwani huweza kushika karibu miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Singida hayafiki miligramu 7. Na bakteria nao wanapumua: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza kuwa nitrati huwagharimu gramu 4.57 za oksijeni. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, samaki na mchanga hugombea akiba hiyo ndogo. Dawa yake si ngumu: mwanafunzi wa zamu achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara, mpaka umeme urudi.

Kuchagua mchanga

Miamba ya Singida kwa sehemu kubwa ni graniti, na mchanga wa makorongo yanayotoka katika vilima vyake ni chembe za kwatsi na felspa pamoja na vimetameta vya ulanga. Huo ni mchanga mzuri sana kwa tangi. Yafaa uchukuliwe wakati wa kiangazi, korongo likiwa kavu kabisa. Sababu si urahisi pekee. Konokono wa aina ya Bulinus na Biomphalaria, wakaao katika malambo na madimbwi, ndio wabebao vimelea vya kichocho, na hakuna somo la biolojia linalostahili mwanafunzi kuingia lamboni miguu mitupu.

Mchanga wa kando ya maziwa Singidani na Kindai usichukuliwe, ingawa uko karibu na unavutia. Maziwa hayo ni ya chumvi, na chumvi hiyo imo ndani ya mchanga. Mwenye shaka na afanye majaribio mawili. La kwanza, adondoshee mchanga mkavu asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, au siki kali. Ukitoa mapovu, una kaboneti ambazo zitaendelea kupandisha pH. La pili, aloweke kiganja cha mchanga katika maji ya mvua usiku kucha, achuje, atie matone machache ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha tone la nitrati ya fedha. Ukungu mzito mweupe ni dalili ya kloridi nyingi.

Mchanga uliofaulu huchekechwa ili zibaki chembe za milimita 1 hadi 2, kisha huoshwa ndooni kwa kukorogwa na kumwagwa mpaka maji yatoke meupe. Lita 16 za mchanga mkavu zina uzito wa kilo 25 hivi, na maji ni kilo 180. Pamoja na kioo mzigo unapita kilo 200. Meza ya kawaida ya darasa haifai. Mawe ya pambo, yakiwapo, yawekwe juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga kutiwa. Perege dume huchimba shimo la kutagia kwa kinywa chake, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka akiendelea na ujenzi.

Siku ya kuhama

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku 2, yakipulizwa hewa. Ikiwa haraka inalazimu, kabati la kemia lina thiosalfeti ya sodiamu: miligramu 7 za fuwele zake kwa kila miligramu 1 ya klorini. Kwa lita 180 zenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita, ni miligramu 630.

Samaki wasilishwe siku moja kabla. Siku yenyewe, kwanza maji ya tangi la zamani yavutwe kwa mpira na kuwekwa ndooni pamoja na samaki, ndoo ifunikwe kwa wavu. Kisha mchanga wa zamani uchotwe, ile sehemu ya juu tu, sentimita 2 hivi. Usioshwe kwa maji ya bomba, usianikwe, usichemshwe, na usikae nje ya maji zaidi ya muda unaohitajika kuuhamisha. Utiwe katika vifuko vya kitambaa cha chandarua na kulazwa juu ya mchanga mpya. Baada ya mwezi mmoja na nusu vifuko hivyo vyaweza kuondolewa, kwani bakteria watakuwa wamekwisha kuenea. Chujio la zamani, kama lipo, lihamishwe lilivyo, na uchafu wake. Mchanga wa chini kabisa, wenye rangi nyeusi na harufu ya yai viza, utupwe: weusi huo ni wa sulfidi zilizofanyika mahali pasipo oksijeni, na gesi yake ni sumu kwa samaki.

Ndani ya ndoo maji mapya ya tangi kubwa huongezwa kikombe kimoja kila baada ya dakika chache, kwa muda wa saa moja au zaidi, ili damu ya samaki ipatane na chumvi ya makazi mapya. Mwisho samaki huvuliwa kwa wavu na kuingizwa tangini. Maji ya ndoo yamwagwe bustanini. Tahadhari kubwa zaidi yahitajika kwa samaki waliosafiri siku nzima ndani ya mfuko uliofungwa, mathalani kutoka kituo cha ufugaji samaki cha Kingolwira, Morogoro. Katika mfuko kabonidioksidi hujikusanya na kuteremsha pH, hivyo amonia iliyojaa humo huwa haina makali. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda, na sumu huamka. Samaki hao wasikawizwe ndani ya maji ya safari.

Katika wiki mbili za mwanzo chakula kipunguzwe mpaka nusu, na amonia na nitriti zipimwe kila siku. Nitriti hupita kwenye matamvua na kuigeuza damu rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba oksijeni. Hapa chumvi ya Singida ina wema wake: kloridi hushindana na nitriti kwenye mlango huo huo wa matamvua, na samaki wa maji yenye chumvi kiasi hudhurika kidogo zaidi kuliko wa maji laini.

Kuutunza mchanga

Kina cha sentimita 3 hadi 5 chatosha. Kila wiki mpira wa kuvutia maji upitishwe juu ya sehemu moja ya mchanga, ukinyonya uchafu pamoja na maji, na wiki ifuatayo sehemu nyingine. Usikorogwe wote kwa siku moja. Konokono mdogo mrefu Melanoides tuberculata, ambaye huishi akijichimbia mchangani, husaidia kuulegeza, lakini asitafutwe lamboni na wanafunzi. "Usafi mkuu" wa kufunga shule, ambapo mchanga wote hutolewa na kuoshwa kwa maji ya bomba, ukomeshwe kabisa.

Kuna kosa jingine la kimya. Wakati wa kiangazi tangi la lita 180 laweza kupoteza lita 2 kwa siku kwa mvuke, na mtunzaji hujaziliza kwa maji ya kisima. Mvuke huondoka bila chumvi. Kila ndoo ya kisima huja na chumvi. Baada ya siku 90, lita 180 zitakuwa zimepaa na nyingine 180 kuingia, na chumvi ya tangi itakuwa maradufu. Ziwa Singidani limekuwa la chumvi kwa njia hiyo hiyo: maji huingia, hayana mto wa kutokea, na njia yake ya kutoka ni jua. Tangi basi lipewe mto. Tano moja ya maji itolewe kila wiki kwa ule mpira wa kusafishia mchanga, na pengo la mvuke lijazwe kwa maji ya mvua yaliyowekwa akiba kati ya Novemba na Aprili.

Samaki waliozidi wasimwagwe ziwani wala lamboni. Katika Ziwa Kitangiri, kama katika Manyara na Eyasi, yumo perege Oreochromis amphimelas, ambaye makazi yake duniani ni maziwa machache ya chumvi ya Tanzania. Perege wageni, hasa sato, huweza kuzaana na perege wenyeji wa aina nyingine na kuifuta mbegu yao. Samaki wa ziada wa shule mahali pake ni jikoni.

Jaribio la darasa

Twaa chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana. Katika ya kwanza tia mchanga kutoka tangi la zamani; katika ya pili, mchanga huo huo uliochemshwa kwa dakika 20; ya tatu iache bila mchanga. Jaza kila chupa lita 1 ya maji yasiyo na klorini. Yeyusha gramu 1 ya kloridi ya amoniamu katika lita 1 ya maji, na utie mililita 10 za myeyusho huo katika kila chupa. Funika kwa kitambaa, puliza hewa, weka mbali na jua. Pima amonia, nitriti na nitrati kila siku kwa vipimo vya rangi, kwa wiki 4, na uchore grafu tatu juu ya karatasi moja. Je, katika chupa ya kwanza nitriti ilipanda siku ya ngapi, na ilishuka lini? Je, chupa ya pili ilibaki kama ya tatu mpaka mwisho? Ikiwa haikubaki, bakteria walitoka wapi?