Dondoo muhimu: Kufuatilia vifo vilivyoitikisa Tanga

Unatoka Nguvumali, Tanga, kutafuta historia ya vifo hivyo mjini? Zingatia haya:

- Anza na wazee. Badala ya tarehe, uliza: kifo kilitokea kabla ya Uhuru au baada? Masika au kiangazi?
- Makaburini omba ruhusa, nenda asubuhi. Jua la ubavuni huibua maandishi yaliyofifia. Usikwangue jiwe.
- Geuza tarehe za Hijria (kalenda ya Kiislamu) kuwa za Miladia kwa uangalifu. Mwaka 1333 ulianza Novemba 1914, wiki mbili baada ya Vita vya Tanga kati ya Waingereza na Wajerumani, ukaishia Novemba 1915.
- Linganisha vyanzo. Kwa Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, ripoti za Wajerumani zisomwe sambamba na masimulizi ya wenyeji.
- Pitia Makumbusho ya Urithi Tanga, kisha Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.