Kipanya kwa Jicho, Amri kwa Marudio

Una picha 300 za mahafali na unataka kuzipunguza ukubwa kabla ya kuzituma. Usianze kwa kuuliza mafundi wa kompyuta wanatumia nini. Fungua picha moja katika programu ya kawaida, ipunguze kwa kipanya, kisha itazame. Nyuso bado zinaonekana vizuri? Maandishi kwenye bango yanasomeka? Hayo huamuliwa na jicho, na kwa kazi ya jicho, dirisha lenye picha na vitufe halina mpinzani.

Ukisharidhika na kipimo, zimebaki picha 299 zisizohitaji uamuzi wowote. Sasa fungua terminali, yaani dirisha la kuchapia amri. Kwenye Linux au Mac iliyowekwa programu ya ImageMagick, ingia katika folda ya picha uandike:

mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -resize '1600x1600>' *.jpg

Amri ya kwanza inatengeneza folda mpya. Ya pili inapita picha moja baada ya nyingine, inaipunguza hadi upande wake mrefu usizidi pikseli 1600, na kuweka nakala ndani ya "ndogo". Alama ya > huzuia picha iliyo ndogo tayari isikuzwe. Usiache -path hata siku moja: bila hiyo mogrify huandika juu ya picha halisi, na hutazipata tena.

Ubishi wa njia hizi mbili ni wa zamani. Mfumo wa Unix ulianzia Bell Labs mwaka 1969, watu wakichapa amri. Kompyuta ya Xerox Alto ya 1973 ikaja na madirisha na kipanya. Macintosh ya 1984 ikavifikisha kwa watu wa kawaida. Amri hazikufa. Menyu hukuonyesha kinachowezekana, amri inataka ukumbuke mwenyewe, kwa hiyo kazi unayoifanya mara moja kwa mwaka iache kwenye menyu. Naye anayedhani maandishi matupu ni ya wataalamu tu amtazame muuza mboga wa Tanzania akipiga *150*00# na kutuma pesa kwa kujibu namba.

Kinachonifanya niipende terminali hasa ni kwamba amri ni maandishi. Mwenzako yuko Mwanza, wewe uko Tanga: unamtumia mstari mmoja kwa WhatsApp, anausoma, anaunakili, kazi imekwisha. Jaribu kumwelekeza kwa simu abofye alama ya gia iliyo juu kulia, wakati toleo lake la programu limeihamishia kushoto! Kwa hiyo fungua faili moja la maandishi, liite daftari. Kila amri iliyokufaa iweke humo, na juu yake uandike kwa Kiswahili inafanya nini. Baada ya miezi sita utakuwa umesahau herufi zote, lakini daftari litakuwa linakumbuka.

Mtandao ukiwa dhaifu, faida ya terminali huongezeka. Kuingia kwenye seva kwa amri ya ssh hupitisha herufi chache tu, ilhali kuiona skrini nzima ya mashine ya mbali hula bando. Kutuma mafaili makubwa, tumia amri ya rsync -avP. Laini ikikatika, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia.

Hofu ya skrini nyeusi ya terminali hupungua kwa mbinu chache. Tab hukumalizia jina la faili. Mshale wa juu hurudisha amri iliyopita. Ctrl na C husimamisha kinachoendelea. Neno --help mwishoni mwa amri nyingi hutoa maelezo.

Kufuta ndiko kunakotaka uangalifu wa kweli, kwa sababu rm, amri ya kufuta, haina pipa la taka. Kabla ya rm *.tmp, andika ls *.tmp uone ni mafaili gani yatakayoguswa. Tazama nafasi pia: ukiandika rm * .tmp, nyota imejitenga na itafuta mafaili yaliyo kwenye folda uliyomo. Kama mafaili ni kumi tu, na kila moja linahitaji kutazamwa kabla halijaondoka, rudi kwenye dirisha. Yachague kwa kipanya, yatupe kwenye pipa, na usilimwage pipa hilo kabla ya kesho.