Magoti yanapovimba kwa baridi yabisi

Msomaji, ukiamka magoti yamevimba, yana joto na yamekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, usilaumu baridi ya Limuru. Jina la ugonjwa huu limetupotosha wengi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka ikaushambulia utando ulio ndani ya viungo. Utando hufura, hutoa maji na, usipotibiwa, huharibu mfupa. Madhara hayo huanza mapema, mara nyingi katika miaka 2 ya kwanza.

Vidonge vya maumivu hutuliza tu. Dawa kama methotrekseti ndizo huzuia uharibifu. Hiyo humezwa mara 1 kwa wiki, si kila siku; kukosea hapo kumewahi kuua. Mama mjamzito asiiguse. Vidonge vya steroidi vya kujinunulia dukani huleta nafuu ya haraka, kisha hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Ikiwa umevitumia kwa muda mrefu, usiviache ghafla; muone daktari.

Usilale na mto chini ya goti, ingawa unaburudisha: goti litazoea kukunjika, likatae kunyooka. Bakora ishike kwa mkono wa upande usiouma. Na choo cha shimo? Mwambie seremala akuundie kiti chenye tundu, hakuna haya.

Goti moja likivimba ghafla nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni usaha.