Nani Ananunua Damu? Ninavyoandika na Kuchapisha Riwaya za Wanyonya Damu

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya riwaya ya mnyonya damu, amua nani anainunua hiyo damu. Meno yatakuja baadaye, na jumba bovu lenye popo linaweza lisije kabisa. Anza na mnunuzi. Ukishamjua, utajua mzigo unasafirishwa na nani, unafichwa wapi, nani analipwa anyamaze, na kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, akubali kazi ya namna hiyo.

Nasema hivi kwa sababu sisi tuliokulia Tanga hatukutishwa na bwana mkubwa wa kwenye ngome. Tulitishwa na mumiani, na mumiani alikuwa mtu wa kazi. Ana gari, ana ndoo, ana sindano, ana bosi. Bibi hakuwahi kutaja meno hata siku moja. Alichosema ni kwamba tusipande gari la mtu tusiyemjua, tusipokee peremende, na magharibi ikiingia itukute ndani. Damu haikunywewa na aliyeichukua. Iliuzwa ikafanywe dawa, kwa wakubwa ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya namna hii ya enzi za ukoloni kutoka Kenya, Uganda, Congo na Zambia katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000. Nairobi walioogopwa ni wazimamoto. Kwingine ni maaskari wa wanyamapori, kwingine mapadri. Kinachorudi mara kwa mara humo ni habari ya ajira: watu walioajiriwa kukamata wenzao. Mnyonya damu wa huku kwetu yuko zamu na anapokea mshahara. Hapo ndipo riwaya zangu zinapoanzia.

Hata hivyo isome riwaya ya Dracula. Bram Stoker alikuwa meneja wa ukumbi wa Lyceum jijini London, mtu wa tiketi na ratiba za mwajiri wake, mwigizaji Henry Irving. Maandalizi yake ya riwaya yanaanzia mwaka 1890 na kitabu kilitoka 1897. Transylvania hakuwahi kuikanyaga, aliisoma. Jina la Dracula alilikuta kwenye kitabu cha William Wilkinson katika maktaba ya Whitby, mji wa pwani alikokwenda kupumzika, na kabla ya hapo mhusika wake alikuwa anaitwa Count Wampyr. Kwa hiyo anayekuambia huwezi kuandika usikofika, mwonyeshe huyo.

Nilichochukua kwa Stoker ni umbo. Riwaya nzima imeungwa kwa shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti na sauti zilizorekodiwa kwenye fonografu, mashine mpya ya wakati ule. Hakuna msimulizi anayejua yote. Kila mmoja ana kipande chake, na msomaji anaiona hatari kabla ya wahusika. Vitu hivyo tunavyo tele. Riwaya yangu ya kwanza ina voisi za WhatsApp, tangazo la msiba kwenye kundi la familia, ujumbe wa muamala ulioingia saa tisa usiku, na fomu ya polisi ya PF3.

Hiyo PF3 ilinipa sura nzima. Kwa kawaida mtu aliyejeruhiwa anapitia polisi achukue fomu ndipo aende kutibiwa, na askari lazima aandike jeraha limetokana na nini. Basi mama mmoja yuko kaunta alfajiri, kijana wake kaegemea ukuta, shingo imefungwa kanga.

"Afande, andika tu ameumwa."

"Ameumwa na nini, mama? Hapa panataka nijaze."

"Wewe andika ameumwa."

"Mbwa?"

Mama kanyamaza. Askari akaandika mbwa, akagonga muhuri, na kuanzia hapo serikali yote inamtafuta mbwa. Sikuhitaji radi wala upepo. Ukitaka kumtisha msomaji wa Kiswahili, mpeleke kwenye ofisi anayoijua halafu mwache asubiri kwenye benchi.

Tuje kwenye kanuni. Kila mnyonya damu ana masharti yake, na masharti hayo hutungwa. Jua, kwa mfano. Dracula wa Stoker hutembea mchana, ila nguvu zake hupungua. Ni filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, ya mwaka 1922, iliyomfanya mnyonya damu ateketee kwa mwanga wa asubuhi, na waliofuata wakaichukua hiyo kama sheria. Kama wao walitunga, nawe tunga. Kitunguu saumu mimi nilikiacha siku ya kwanza. Mnyonya damu anayekikimbia hawezi kukanyaga harusi hata moja ya pwani, na wangu namtaka pale pale kwenye sinia la pilau, anacheka na wajomba.

Masharti mazuri ni yale yanayomletea matumizi na usumbufu. Hapa nakushauri ujifunze habari za damu yenyewe. Mtu mzima ana lita tano hivi. Mchangiaji hutolewa kama mililita 450. Damu nzima, ikiwekwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda iitwayo CPDA-1, hukaa siku 35, mradi itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke Tanga mwezi wa pili, joto limekaza, umeme umekatika tangu asubuhi, na mnunuzi anataka mzigo wake kesho. Dereva anazunguka na boksi la barafu kutafuta mwenye jenereta. Ukifika hapo kisa kinakimbia chenyewe, wewe unaandika tu. Usipuuze kupima makundi ya damu pia. Kwenye Dracula wanaume wanne wanamwongezea mhusika aitwaye Lucy damu bila kupima chochote, na Stoker anasameheka: Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu. Wewe wa leo husameheki. Msomaji wako mmoja ni nesi, na atakuandikia.

Lakini lipo jambo ambalo mwandishi wa London hakulazimika kulifikiria na wewe lazima ulifikirie. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Watu watatu walikufa kwa hadithi ya aina ile ile ninayoiandika mimi.

Sikuacha kuandika kwa sababu hiyo, ila nilijiwekea mipaka na siivuki. Kijiji changu ni cha kubuni na hakifanani na kimoja chochote. Mumiani wangu hapewi kazi ya mtu anayeingia vijijini na vifaa: hawi mpima udongo, hawi mchanjaji, hawi wa vyandarua, hawi mgeni kabisa. Anayenunua damu ni mwenyeji, anajulikana, anakopesha watu fedha za ada na mazishi, na msikitini anapishwa mbele. Kisanaa ni bora mara mia. Mgeni anatisha kurasa chache tu. Mtu anayekudai anatisha kitabu kizima.

Mpaka mwingine unahusu namna ya kusambaza. Kipande cha hadithi kikikatwa kikarushwa kwenye makundi hugeuka habari. Kwa hiyo kila sehemu ninayotuma ina jina la riwaya juu na chini, pamoja na maneno "hadithi ya kubuni". Vipande vya magazeti vilivyomo kwenye hadithi naviandika kama maandishi ya kawaida. Sivitengenezi picha inayofanana na gazeti hata msanifu anibembeleze vipi.

Kuhusu kuandika kwenyewe sina mengi. Naandika usiku kwenye simu, maana kompyuta inanitia uzembe wa kupamba. Rasimu ya kwanza naimaliza bila kurudi nyuma. Ya pili naisoma kwa sauti, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu wengi wetu tumemjua mnyonya damu kwenye filamu zilizotafsiriwa na midomo yetu imezoea lugha ya tafsiri. Anayenihariria ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu mzima, tunaitana mwalimu na mwanangu. Nikimpelekea sentensi kama "Macho yake mekundu yalimulika katika giza nene huku akitabasamu tabasamu la kifo," ananirudishia imepigwa mstari, pembeni kaandika: "Mwanangu, huyu anataka nini hapa?" Ni swali dogo tu, lakini linaua mapambo yote. Mhusika alitaka alipwe deni. Sentensi iliyobaki ni hii: "Alisimama mlangoni asivue viatu." Mwenyeji wa pwani akiisoma anajua kuna shari.

Sasa uchapishaji, jambo ninaloulizwa zaidi. Mimi nilianza na kundi la WhatsApp. Sehemu za mwanzo natoa bure, halafu anayetaka kuendelea analipia kwa simu na anaingizwa kundi la pili. Fedha yake si ya kujengea nyumba, ila kundi linakufundisha kitu ambacho semina haitakufundisha: mahali msomaji anapochoka. Sehemu nzuri inaishia watu wakipiga kelele "admin ongeza". Sehemu mbovu inaishia kimya, na kesho yake mtu anarusha tangazo la mitumba. Nilipoona mitumba mara mbili kwenye sura ya mganga, sura ya mganga niliiondoa yote.

Baada ya kundi niligonga milango ya wachapishaji. Mmoja, ambaye simtaji, alikaa na muswada hadi nikakaribia kuusahau, kisha akanijibu kwamba vitabu vya mashetani shule hazinunui. Jibu liliniudhi, lakini biashara yake naielewa: soko kubwa la vitabu vya Kiswahili ni shule, na riwaya isiyoingia darasani inauzwa mtaani, nakala kwa nakala. Hili si geni. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula ya mwaka 1965 na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya 1974 zilipendwa na watu waliozinunua kwa raha zao, na Ben Mtobwa alifika mahali akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha, Heko. Hadithi za kusisimua zina wasomaji. Shida ni nani atakuwa kati yako na wao.

Zipo tuzo pia, na nakushauri utume. Ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewatoa waandishi wengi wa Kiswahili, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023. Soma masharti yao mara mbili, hasa ya urefu na ya kazi zilizokwisha kutoka. Muswada uliozunguka kwenye makundi unaweza kukuletea utata, kwa hiyo kazi unayoitaka iende kwenye tuzo iweke kabatini.

Mimi nilijichapishia. Namba ya ISBN inapatikana Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi niliisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maana PDF yangu ilishaanza kuzunguka ikiwa na jina la mtu mwingine. Usajili hauwazuii wezi, ila siku ya kubishana unakuwa na karatasi mkononi. Kiwandani waulize mapema kurasa zinakunjwa ngapi ngapi. Wengi wanachapa kwa mafungu ya kurasa 16, na ukizidisha kurasa mbili tu unalipia fungu zima au unabaki na kurasa tupu mwishoni. Mimi nilipunguza shukrani. Omba nakala moja ya mfano ifungwe kabisa kwa gundi, uifungue katikati kwa nguvu uone kama inaachia, kabla hujaruhusu kazi yote ichapwe.

Jalada usimwachie msanifu peke yake. Ataweka meno na damu inayochuruzika, na muuza vitabu wa barabarani atakiweka nyuma kwa sababu wateja wake wengine ni watu wa dini. Langu lina ndoo ya bati mlangoni, basi. Wanaojua wanaijua, na wasiojua wanauliza, na anayeuliza huwa keshakishika kitabu.

Mkataba wa kwanza niliosaini na mtu mwingine ulikuwa wa sauti, siyo wa karatasi. Watu wanasikiliza simulizi YouTube wakiwa kwenye daladala na jikoni, na wasimulizi wanatafuta hadithi kila wiki. Kama msimulizi atakuja kwako, mwandikie muda wa ruhusa, asilimia yako ya mapato ya chaneli, na kwamba haki ya filamu haimo. Halafu msikilize akisoma sehemu moja kabla hujaweka sahihi. Yule wa kwanza kunifuata aliyasoma maneno ya mumiani kwa sauti nzito ya jini kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikampa kazi dada mmoja anayesoma taratibu kama anapiga umbea uani, na mpaka leo ndiye anayesoma zote.